Mikono Itazoea

Jumamosi, 7 Juni

Tumeanza rasmi. Nimewapandisha Evarista na Hamza kwa pikapu ya klabu hadi karibu na minara iliyo juu ya mlima Loleza, baiskeli zimefungwa kamba nyuma, ukungu mzito kiasi kwamba taa za gari zilikuwa zinamulika pamba tupu. Kisha nikageuza, nikashuka kwa barabara kwenda kuwasubiri chini. Ndivyo itakavyokuwa kila Jumamosi hadi mashindano ya Iringa mwezi wa nane. Mashindano yenyewe ni ya kushuka tu: unapewa mlima, mawe, mizizi na kona, anayetumia muda mfupi kufika chini ndiye mshindi. Kwa mikoa yetu hii ni kitu kipya. Klabu imenipa ukocha kwa sababu zamani nilikimbiza baiskeli ya lami, na watu wa mjini bado wanalikumbuka jina la Aroni.

Evarista alitangulia kufika. Binti huyu ni msusi kwenye saluni moja ya Iyunga, kwao ni Tosamaganga, Iringa, na sijawahi kuona mtu anayeingia kwenye kona kwa utulivu namna ile. Alishuka kwenye baiskeli akaanza kukunjua vidole kimoja kimoja, kama vimegandishwa na gundi.

"Kocha, mikono inawaka moto."

"Itazoea," nikamwambia.

Hamza alifika baada yake. Alipuliza viganja vyake.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani. Mke wangu, Mama Ipyana, anadai nilisinzia kwenye mahubiri. Si kweli, nilikuwa nafikiria kona.

Jumamosi, 14 Juni

Malengelenge. Evarista anayo chini ya vidole vyote vya mkono wa kulia, na moja kubwa kwenye kiganja cha kushoto. Hamza kaja na glovu nyembamba alizozipata kwenye mitumba ya soko la Mwanjelwa, amemletea na mwenzake jozi. Nikamuuliza kama anakwenda kushuka mlima au kufunga ndoa. Vijana wa kijiwe cha bodaboda waliokuwa wanatutazama wakaangua kicheko. Hamza alivaa za kwake hivyohivyo, uso chini. Evarista akavua za kwake, akazitia mfukoni.

"Ngozi ikishakuwa ngumu hamtahitaji mapambo," nikaongeza.

Nilifurahi kwamba watu walicheka.

Jumanne, 17 Juni

Upepo kutwa nzima. Vumbi limejaa kwenye mifuko ya mbegu dukani kwangu.

Jumamosi, 21 Juni

Leo Evarista ameniuliza swali. Tulikuwa tumekaa nyuma ya pikapu, anatafuna muhogo wa kuchoma alioushika kwa ncha za vidole ili usiguse kiganja.

"Kocha, wewe ukifika pale Ngazi, breki unaishika kwa vidole vingapi?"

Ngazi ni pale katikati ya mteremko, mawe yamepangana kama ngazi za kanisa na baada yake kuna kona ya mikaratusi.

"Vyote," nikasema. "Unakamata kwelikweli. Ukilegeza umekwisha."

Akaitikia kwa kichwa. Hamza alinitazama, nikajifanya natafuta funguo.

Nitaandika hapa kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwambia. Sijawahi kushuka Ngazi. Sijawahi kushuka Loleza kabisa. Nilipanda na baiskeli wakati njia inasafishwa, nikasimama juu ya yale mawe, nikatazama chini, nikageuza nikawaambia wenzangu kwamba breki imelegea. Tangu hapo nimekuwa mtu wa pikapu. Ninachowafundisha vijana hawa ni mambo ya lami, ambako unakamata usukani na kukanyaga. Nikilala nalisikia lile swali lake. Aliniuliza kwa heshima, na mimi nikamjibu kwa uhakika.

Jumamosi, 28 Juni

Nimepita saluni. Mwenye saluni ni Bibie, mwanamke wa mjini hapa ambaye babu zake walikuja na biashara kutoka pwani. Haongei kwa sauti kubwa, na huo ndio ubaya wake.

"Mwalimu, karibu. Njoo uone."

Akamshika Evarista mkono, akaugeuza mbele yangu kama mtu anayekagua nyanya sokoni. Lengelenge limepasuka, jingine limeota chini yake.

"Huyu anasuka kwa mikono hii. Leo mteja kaona plasta, akahamia kiti cha pili. Kesho atahama saluni. Wewe unanielewa?"

"Nakuelewa, dada Bibie. Ni mwanzo tu, itazoea."

"Inazoea nini? Nyama?"

Evarista alicheka kidogo ili kunisitiri. Nikaaga haraka. Njiani nilikasirika, nikajiambia kuwa wanawake wa saluni hawajui michezo. Hasira ilikwisha kabla sijafika nyumbani. Kilichobaki hakina jina zuri.

Jumamosi, 5 Julai

Silali usiku huu, na si mimi niliyeanguka.

Asubuhi kulikuwa na ukungu na ile mvua nyembamba isiyoamua kama ni mvua. Evarista alikuwa amefunga viganja kwa vipande vya kitenge. Nilimuuliza kama yuko sawa, akasema, "Niko sawa, Kocha." Nilijua hayuko sawa. Mtu aliye sawa hashiki kikombe cha chai kwa vifundo. Nilijua, nikawaacha pale juu, nikashuka na gari.

Nilikuwa kwa mama ntilie, andazi mdomoni, simu ilipolia. Hamza.

"Kocha, njoo. Ngazi. Eva kaanguka."

Gari haifiki pale. Nilipanda kwa miguu, nikiteleza kwenye majani ya mikaratusi, nikishika miti. Nilimkuta amekaa ameegemea mkaratusi uliochubuka gome, baiskeli iko chini bondeni. Bega la kushoto limeshuka. Kofia ngumu imepasuka ubavuni. Lakini kilichonishinda kutazama ni kiganja. Kitenge kiliteleza na kuondoka na ngozi.

"Vidole vilikataa, Kocha," aliniambia. Hakulia. Alikuwa kama mtu anayeripoti jambo la ajabu. "Mikono ilikuwa imekuwa mbao tangu juu. Nikafika Ngazi, nikavituma vidole kwenye breki, vikakataa. Nilikamata kwelikweli kama ulivyosema, mpaka vikaisha nguvu."

Kama ulivyosema. Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anataka nijue kwamba alitii.

Tulimshusha mimi na Hamza, yeye katikati. Hospitali walisema hakuna mfupa uliovunjika: bega limeteguka, wamelirudisha. Kifundo cha mkono kimevimba. Viganja visafishwe kila siku.

Mwenyekiti wa klabu, mzee Vitus, alitukuta kwenye benchi la nje. Alikuwa amekuja mbio, koti juu ya pajama.

"Aroni, imekuwaje?"

Hapo ndipo nilipofanya nililofanya. Sikulipanga. Lilitoka kama kikohozi.

"Alikwenda kasi kuliko nilivyomwambia, mzee. Binti hasikii."

Hamza alikuwa amesimama karibu yangu, damu ya Evarista kwenye fulana yake. Alinitazama. Kisha akatazama viatu vyake, akaondoka bila kuaga.

Jumapili, 6 Julai

Sikwenda kanisani. Nimesema naumwa mgongo.

Jumatano, 9 Julai

Maneno yana miguu. Leo kijana wa bodaboda aliyekuja kununua mbegu za karoti kanisimulia habari zangu mwenyewe. "Kocha, pole. Nasikia yule demu hakusikia maelekezo. Wadada wakipewa baiskeli ndiyo hivyo." Nikampimia mbegu. Nikamshukuru kwa pole.

Kiganja cha kulia cha Evarista kimetunga usaha. Nesi amekata ngozi iliyokufa. Daktari amesema asiguse maji wala nywele za mtu mpaka kifunge. Bibie amemkalisha mlangoni awe anauza rasta, kiti chake amekaa msusi mwingine.

Mchana simu ililia, namba nisiyoijua.

"Kamwene, mwalimu. Naongea na mwalimu wa baiskeli? Mimi ni Mama Evarista, Veneranda, wa huku Tosamaganga."

"Kamwene, mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Nimepata habari kutoka kwa watu wanaotoka huko. Nasikia mwanangu alikuaibisha. Nasikia hasikii." Nikasikia kuku nyuma yake. "Mwalimu, naomba unisamehe. Nilimlea mwenyewe, baba yake alifariki mapema. Pengine kuna mahali nililegeza. Usimfukuze. Ana kichwa kigumu lakini ana moyo."

Nilikuwa nimesimama katikati ya duka. Nilikuwa na nafasi. Hakuna aliyekuwa ananitazama ila mizani.

"Haina shida, mama," nikasema. "Yameisha."

"Mungu akubariki, mwalimu."

Nimekuwa nikiiangalia sentensi hiyo hapo juu. Haina shida, mama. Mwanamke mtu mzima ananiomba msamaha kwa kosa langu, nami nikampa, tena kwa sauti ya upole.

Jumamosi, 12 Julai

Hamza hakuja mazoezini. Nilikaa kwenye pikapu na injini imezimwa.

Jumatano, 16 Julai

Baridi imezidi. Mama Ipyana aliwasha jiko la mkaa sebuleni jioni, akakaa karibu nami anachambua maharage. Jina lake ni Tusajigwe, lakini tangu mtoto azaliwe sijalitumia, naye haniiti Aroni.

"Baba Ipyana, nikuulize kitu. Huo mlima wewe uliushuka lini?"

"Ule? Zamani."

"Zamani lini? Maana mimi ndiye ninayefua nguo zako. Hazijawahi kuja na vumbi la kushuka mlima. Zinakuja na harufu ya chai."

Aliendelea kuchambua, jiwe huku, harage huku.

"Sikusemi kwa ubaya," akasema. "Nakuona hulali. Unageukageuka mpaka blanketi linanitoka."

Nikamwambia yote, hadi simu ya Tosamaganga. Aliposikia ya simu aliacha kuchambua. Akaondoka na ungo wake kwenda jikoni, na hilo lilikuwa gumu kuliko kama angenitukana.

Jumamosi, 19 Julai

Nimeshuka Loleza.

Nilimwomba dereva mmoja wa klabu anipandishe, nikamwambia nakwenda kukagua njia. Nilichukua baiskeli ya Evarista, ile ile, Hamza alikuwa ameinyoosha gurudumu. Sikuvaa glovu. Nilitaka iwe kama ilivyokuwa kwake.

Mwanzoni nilidhani ninaweza. Njia ni pana, udongo mwekundu, umande. Kisha mawe madogo yakaanza, na usukani ukaanza kutetemeka kama mashine ya kusaga. Nikaukamata. Kadiri ulivyotetemeka ndivyo nilivyoukamata. Vidole vyote kwenye breki, magoti yamekakamaa, nimekalia kiti kama gunia, uzito wangu wote umelalia viganja. Ule mpira wa kushikia umekwisha, ni mgumu kama pembe. Nilisikia ngozi inaanza kusogea juu ya nyama, joto kwanza, kisha unyevu. Na misuli ya mkono, kutoka kiwiko hadi kifundo, ikajaa na kukaza hadi nikahisi nimebeba ndoo mbili kutoka kisimani bila kupumzika.

Sikufika Ngazi. Kabla ya pale vidole viliniambia vilichomwambia Evarista. Nilivituma, vikakataa. Baiskeli ikaanza kukimbia nami, nikajitupa kwenye majani upande wa mlima.

Nilijaribu kufungua mkono wa kulia, ukafunguka kwa kusaidiwa na wa kushoto. Malengelenge kwenye viganja vyote viwili, moja limeshapasuka. Kutoka juu hadi pale si hata nusu ya njia. Yule binti alikuwa akishuka yote, mara kadhaa kwa siku, Jumamosi baada ya Jumamosi, halafu anakwenda kusuka.

Akapita mama mmoja na kuni kichwani.

"Pole baba. Baiskeli imeharibika?"

"Ndiyo, mama. Breki."

Alipopotea kwenye kona ndipo nikalisikia jibu langu. Hata kwa mtu asiyenijua. Hata pale.

Nilishuka kwa miguu nikiikokota baiskeli. Nyumbani nilishindwa kufungua komeo la geti. Mama Ipyana alinifungulia, akanitazama viganja, akaenda kuchemsha maji ya chumvi.

Jumapili, 20 Julai

Nimeigeuza baiskeli chini juu uani, nimeitazama kama mtu anayesoma kwa mara ya kwanza. Mikono ya breki imekaa juu mno, lazima ukunje kifundo ndipo uifikie. Na iko mbali. Kwangu mimi ni mbali, na vidole vya Evarista ni vifupi. Kuna skrubu ndogo ya kuisogeza karibu. Haijawahi kuguswa, rangi ya kiwandani bado iko juu yake. Mimi ndiye niliyezipokea baiskeli hizi na kuzifunga.

Jioni nilikwenda kwa kina Hamza. Alinikuta mlangoni, akaangalia bandeji zangu.

"Umeshuka?"

"Nimeshuka nusu. Nusu nimetembea."

Kwa mara ya kwanza tangu siku ile akanikaribisha ndani.

Jumamosi, 26 Julai

Nimekwenda Iyunga. Saluni ilikuwa imejaa, Jumamosi ya harusi. Evarista alikuwa amekaa mlangoni na maboksi ya rasta. Nilitaka kumwita nje. Nikaona nikimwita nje nitakuwa namwambia yeye peke yake, na lile la kwanza nililisema mbele za watu.

"Evarista, nimekuja kusema kitu."

"Karibu, Kocha."

"Nilimwambia mzee Vitus kwamba ulikwenda kasi kuliko nilivyokuambia, na kwamba husikii. Nilidanganya. Ulifanya kila nilichokuambia, na nilichokuambia kilikuwa kibaya. Nilikucheka kwa ajili ya glovu. Nilisema ushike kwa vidole vyote, na mlima wenyewe nilikuwa sijawahi kuushuka."

Kikaushia nywele kilizimwa. Mteja mmoja akageuka na kichwa nusu kimesukwa.

Evarista hakusimama. Alikuwa akizungusha boksi mapajani.

"Mama yangu alikupigia."

"Ndiyo."

"Akakuomba msamaha."

"Ndiyo."

"Na wewe ukaupokea."

"Niliupokea."

"Mimi nimempigia mama wiki nzima hapokei. Akija kupokea ananiambia nimemdhalilisha kwa mwalimu wa watu. Nikamwambia mama, mimi nilisikia. Akaniambia unaona, hata sasa unabisha." Akaweka boksi chini. "Ule msamaha si wako, Kocha. Nenda ukaurudishe."

"Nitampigia leo."

"Si kwa simu."

Bibie, ambaye alikuwa amesimama muda wote na kitana mkononi, akasema taratibu, "Mwalimu, umemaliza? Kama umemaliza tupishe, nina bibi harusi hapa."

Nikapisha.

Jumatatu, 28 Julai

Nimekwenda kwa mzee Vitus. Alinisikiliza, akasema, "Aroni, mambo yamepita, usijidhalilishe bure." Nikamwomba aitishe kikao. Hakupenda.

Alhamisi, 31 Julai

Kikao. Nimesema mbele ya wanachama wote. Wengine walikuwa wanaangalia simu. Mmoja kauliza kama hiyo ina maana tunahitaji kocha mwingine. Nikajibu ndiyo. Wameamua Hamza aongoze mazoezi mpaka Iringa, mimi niendeshe gari. Nilitegemea kuumia zaidi ya hivi. Kilichoniuma ni kwamba hakuna aliyeshangaa.

Jumamosi, 2 Agosti

Tunajaribu vitu, mimi na Hamza. Yeye anatazama video kwenye simu, mimi nina spana. Si kila kitu kinafaa. Poda ya mtoto tuliyopaka viganjani iligeuka ugali kwa jasho. Glovu nene za bustani zilijikunja ndani, zikachuna kuliko mkono mtupu. Zile nyembamba za Mwanjelwa, zinazokaa kama ngozi bila kubana, ndizo nzuri. Tumebadilisha mipira ya kushikia, tumeweka laini. Tumeteremsha mikono ya breki na kuisogeza karibu, sasa kidole kimoja kinatosha na vingine vinabaki kwenye usukani.

Kigumu zaidi ni kulegeza. Hamza ananipigia kelele kutoka nyuma: "Simama kwenye pedali! Miguu ndiyo ibebe! Viwiko nje! Usiinyonge, baba!" Nikisimama kwa miguu na kulegeza viwiko, baiskeli inarukaruka chini yangu na viganja havijui. Nikiogopa tu, nakamata, na moto unarudi. Penye tambarare ananilazimisha nifungue vidole na kuvikung'uta. Tunaacha kabla mikono haijalalamika. Hapo zamani ningesema huo ni uvivu.

Leo nimevuka Ngazi. Polepole, nikiwa na sura mbaya, lakini juu ya baiskeli.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Mji mzima uko viwanjani unatazama ng'ombe na matrekta. Nilikuwa na meza ya mbegu. Evarista alipita na Bibie. Alinionyesha kiganja: ngozi mpya, ya pinki, laini kama ya mtoto. Daktari amemruhusu, mkono na bega.

"Kesho nakuja Loleza," alisema. "Hamza yuko?"

"Yuko."

"Basi."

Jumamosi, 9 Agosti

Alishuka kwa vipande vifupi, glovu mkononi, kidole kimoja kwenye breki. Kila kipande akivua glovu na kutazama ngozi. Alipoona wekundu alisema imetosha, akapanda pikapu. Hamza hakumbishia. Njia nzima ya kurudi Evarista alikaa mbele pamoja nami bila kuniambia kitu, na sikumlazimisha.

Jumamosi, 16 Agosti

Vumbi, vumbi. Nilianguka mbele ya Evarista, uso mzima mwekundu. Akasimama, akauliza kama nimeumia. Nikasema hapana. "Ulikamata," akasema, akaenda zake.

Ijumaa, 22 Agosti

Iringa. Tumefika mchana, nimewashusha vijana kwenye nyumba ya wageni, nikaendelea na gari hadi Tosamaganga peke yangu. Evarista alinielekeza njia, hakutaka kuja.

Mama Veneranda alikuwa uani anapukuchua mahindi, mwembamba, mrefu, kitambaa cheupe kichwani. Aliposikia mimi ni nani alinyanyuka haraka, akafuta kigoda kwa kanga yake.

"Mwalimu! Kamwene, kamwene. Mbona hukusema, ningechinja."

"Mama, naomba nisikae kwanza."

Nikamwambia. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Makambako, yote yakapotea. Nikamwambia tu kwamba mwanao alisikia. Alisikia kila kitu, ndiyo maana aliumia. Uongo ulikuwa wangu. Msamaha ulioniomba haukuwa wangu kuupokea, nimekuja kuurudisha na kuomba wa kwangu.

Alibaki ameshika gunzi. Ule uchangamfu ulimtoka usoni polepole.

"Mtoto alinipigia," akasema. "Analia. Nikamkatia simu. Nikasema mwalimu wa watu hawezi kusema uongo, mtu mzima, ana duka, anasali." Akakaa. "Nilimkatia simu mwanangu mgonjwa kwa neno lako."

"Ndiyo, mama."

"Mjomba wake naye alimsema. Alimpigia akamfokea." Akaashiria upande wa shamba. "Anakuja sasa hivi. Utasema tena mbele yake. Kaa."

Nikakaa. Hakunipa maji. Tulisubiri, yeye anapukuchua, punje zinaruka. Mjomba akaja na jembe begani, nikasema upya. Kisha akaitwa shemeji jirani, nikasema upya. Mara ya tatu sauti yangu ilikuwa kavu na maneno yalikuwa machache, na nadhani ndiyo mara niliyosema vizuri.

Mjomba alitaka kunifukuza. Mama Veneranda akamwambia, "Mwache. Kaja kwa miguu yake." Kwangu hakusema kitu cha msamaha. Alichukua simu, akaenda nyuma ya nyumba, nikasikia anasema, "Eva. Eva mwanangu," halafu Kihehe tu, haraka, ambacho sikielewi.

Nikaondoka bila kuaga vizuri.

Jumamosi, 23 Agosti

Kulikuwa na jua kali la Iringa na upepo wa baridi pamoja. Watu walipanga mstari mlima mzima, watoto juu ya mawe. Hamza alianguka kona ya pili, akaamka, akamaliza akicheka. Evarista alishuka katikati ya kundi la wanawake. Niliweza kumwona kuanzia kwenye mwamba wa juu: amesimama kwenye pedali, viwiko wazi, baiskeli inacheza chini yake kama mbuzi na yeye juu ametulia. Kwenye sehemu ya tambarare, wenzake walipokuwa wanakanyaga kama wehu, nilimwona anafungua vidole, mkono mmoja, kisha mwingine. Kisha akazama kwenye mawe ya mwisho.

Amekuwa wa tatu. Alivua glovu na kumwonyesha mama yake viganja, maana mama yake alikuwa pale, amekuja na mjomba na kapu la chakula. Mama alivishika, akavigeuza, akavibusu.

Kijana wa redio akamsogezea kinasa sauti. "Hongera sana. Kocha wako alikuambia nini kabla ya kushuka?"

Nilikuwa karibu. Evarista alinitazama. Najua angeweza kusema chochote, na chochote kingekuwa kweli. Mama Veneranda naye alikuwa anasubiri.

"Mwanzo aliniambia vibaya," alisema. "Halafu akarudi akasema aliniambia vibaya."

Kijana wa redio hakuelewa, akamfuata mwingine.

Nilikwenda kufunga baiskeli kwenye pikapu, nikafunga kamba zilizokuwa zimeshafungwa.

Mama Veneranda akaita watu waje kula. Alitandika kanga kwenye nyasi, akapakua ugali na nyama kwa kila mtu: mwanawe kwanza, Hamza, mjomba, hata dereva mmoja wa timu nyingine aliyekuwa anapita. Mimi nilibaki kando ya gari. Kisha akapakua sahani moja ya mwisho, akaileta mwenyewe mpaka nilipokuwa, akanyoosha mkono bila kutabasamu.

"Kula, baba. Safari ni ndefu."

Nikaipokea kwa mikono miwili.